Mzee Karani wa Mtaa wa Sikukuu na Kazi Alizozikataa

Ndugu zetu, majirani, na nyote mliokuja kutushika mkono, sauti ile ambayo mtu wa Mtaa wa Sikukuu akiamka usiku wa manane alikuwa akiisikia, tiki-tiki-tiki halafu kengele ndogo ya mwisho wa mstari, ilikuwa taipureta ya baba yangu, Mzee Tarsis Isidori Mloka, ambaye wengi wenu mlimwita Karani, na alikuwa akiiweka juu ya blanketi lililokunjwa ili asiwaamshe, na bado mliamka, na Bi Sitara wa nyumba ya pili alikuwa akigonga ukuta na kusema, "Karani, lala, hao wa gazeti wenyewe wamelala!"

Mimi ni Makrina, mtoto wake wa tatu, na ninasoma mimi kwa sababu kaka yetu mkubwa bado yumo kwenye treni kutoka Kigoma, na kwa sababu historia hii nimeipiga mimi kwa mashine ileile, mtoto wangu akiwa mgongoni, kwa hiyo nikienda mbio mnisamehe, nikisimama sitaweza kuendelea.

Marehemu alizaliwa tarehe 8 Machi 1901 huko Matombo, katika milima ya Uluguru, mtoto wa pili wa Mzee Isidori Mloka na Mama Agata, akabatizwa hukohuko, akaanza shule ya misheni mwaka 1910, vita vya Wajerumani na Waingereza vikamkatiza, akarudi darasani mwaka 1919 akiwa na ndevu, akamaliza mwaka 1922. Mwaka 1923 aliajiriwa ukarani katika shamba la mkonge Ngerengere, na tarehe 11 Juni 1927 alifunga ndoa kanisani Matombo na mama yetu, Felista, aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia, tumebaki watatu.

Mwaka 1931 walihamia hapa Dar es Salaam, baba akawa karani wa kampuni moja ya bandarini, mshahara mzuri, tai kila siku, hadi tarehe 31 Desemba 1945, siku ambayo mama anasimulia kwamba alirudi nyumbani mchana, akavua tai, akaikunja, akasema, "Felista, kuanzia leo bwana wangu ni mimi," na mama akajibu, "Basi mwambie huyo bwana wako watoto wanakula jioni hii."

Hivyo ndivyo alivyoanza kazi ya kuandika bila kuajiriwa na mtu, na wengi walidhani ni uvivu, mtu mzima kutwa yuko barazani, lakini mimi niliyekaa naye nasema kazi ile ilikuwa na saa zake kama ofisi yoyote. Asubuhi alikuwa na meza yake pale barazani, barua na maombi ya watu, mtu anakaa kwenye kigoda, anaambiwa kwanza azungumzie habari yoyote, mvua, bei ya samaki, mpaka pumzi ishuke, ndipo baba ashike kalamu, na aliyekuja na hasira aliambiwa arudi kesho, na mara nyingi kesho alikuja kufuta nusu ya maneno. Alasiri alivaa viatu akazunguka madukani kutafuta kazi, kwa sababu alisema kazi haijui nyumba yako, wewe ndiye ujue ya kwake, akaandika matangazo ya maduka, akatunga maneno ya khanga, na Bwana Chandu, ambaye namwona pale na familia yake, alikuwa akizisoma karatasi zile huku anatikisa kichwa, "Karani, maneno yako nzuri sana, lakini refu, khanga iko fupi!" Usiku ndio ulikuwa wake mwenyewe, hadithi za kupeleka magazetini, nyingine zikatoka, nyingi zikarudi, na zilizorudi alizisoma upya akizichekea kama za mtu mwingine, akazipeleka kwingine. Miezi ya Ramadhani na ya masika kazi zilipungua, na yeye hakusema kazi hakuna, alisema ninapumzisha mkono.

Sasa nataka kusema jambo ambalo baba hakulisema kwa kinywa chake, na nimemwomba mama ruhusa, akanipa.

Wakubwa wanakumbuka sikukuu ya Idi ya mwaka 1948, pale Mnazi Mmoja, chama cha lelemama cha Bi Sitara kiliposhindana na cha Bi Mgeni, nyimbo za vijembe, na kila chama kilikuwa kimekuja kwa baba kwa siri kutungiwa, naye akawatungia wote wawili akidhani hakuna ubaya, mradi kila mmoja apate kitu kizuri. Akina Bi Mgeni hawajafika mbali Bi Sitara akaitambua kalamu ya baba, akainua mkono ngoma ikanyamaza, akasema, "Huyu anayetutukana namjua, chai yangu kaamkia kuinywa leo asubuhi!" na vyama vyote viwili, na sare zao, wakaongozana mpaka barazani kwetu, Bi Mgeni mbele, "Karani, umetulisha sote sahani moja?" na baba akasimama, akasema, "Mabibi, nimekosa, nilidhani nyimbo ni kama chumvi, kila mtu anachota." Walimcheka, wakamsamehe, lakini yeye hakujisamehe, akaweka sharti lake la kazi, kwamba ugomvi mmoja atauandikia upande mmoja tu, na wa pili akija atamwambia, "Leo nina kazi nyingi, nenda kwa Zahoro kule Ilala, anaandika vizuri kuliko mimi."

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Haikuchukua muda, jamaa mmoja alikuja na ugomvi wa ukuta, akaambiwa nenda kwa Zahoro, akaruka pale kwenye kigoda, "Ahaa! Kumbe shemeji yangu ameshafika hapa!" akatoka mbio, wakapigana. Baba hakula siku ile. Alikuwa hajasema kitu, lakini kule kukataa tu kulikuwa kumesema. Basi tangu hapo akawa anawakataa na watu wasio na ugomvi na yeyote, leo huyu, keshokutwa yule, bila mpango, ili mtu akikataliwa asijue maana yake, na mama alikuwa akimuuliza jioni, "Leo umemfukuza nani bure?" naye anajibu, "Mwenye barua ya posa," na mama anashika kichwa, "Posa, Tarsis! Watu wa furaha nao unawafukuza!" na hiyo ni miaka ambayo alihitaji kila kazi.

Wengine wenu mlikasirika, mkasema Karani ana majivuno. Bwana Nassibu, nimekuona hapo nyuma, alipokukataa ulipita mwaka mzima humsalimii, naye kila asubuhi akakupungia. Leo ujue hayakuwa majivuno. Lakini kama siku ile ulikataliwa kwa sababu au ulikataliwa bure, mimi najua, na sikuambii.

Ninajua kwa sababu nilipotoka shule ya wasichana Tabora nikaolewa, na mume wangu akaenda na meli, na barua zake zikakatika, nilirudi nyumbani mwaka jana na mimba, na baba hakuniuliza swali, alivuta kiti cha pili mezani akasema, "Kaa, piga hii." Nikakaa, nikasikia mengi, na kila Jumamosi nakala zote zilizobaki tulizitia kwenye jiko la mama, chai ikachemkia hapo, kwa hiyo hakuna karatasi.

Kifua kilimwanza mwezi Januari mwaka huu wa 1955, alilazwa hospitali ya Sewa Haji tarehe 20 Mei, na hata kule alimwandikia barua mgonjwa wa kitanda cha jirani, akiwa amelala, mimi nikishika karatasi. Aliaga dunia Jumanne tarehe 14 Juni, alfajiri, mama na mimi tukiwepo.

Tangu alipolazwa, watu wamekuja kututazama, Mungu awabariki, na wengine wakati wa kuaga wameniinamia sikioni, "Mwanangu, hivi mzee hakuacha karatasi?" na naona hofu machoni mwao, nami nina hofu kuliko wao, kwamba hawatarudi mezani. Baba mdogo Ignasi amesema, kwa mapenzi, najua ni kwa mapenzi, kwamba nani atampa siri yake binti mdogo mwenye mtoto wa kunyonya, mashine iuzwe, nirudi Matombo, na tutazungumza baada ya arobaini. Namheshimu, shikamoo baba mdogo, lakini mimi hii ndiyo kazi niliyofundishwa, na mtoto huyu ataishi kwayo au hataishi kwa kitu kingine ninachokijua.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliokesha naye, mapadre wetu, majirani wa Mtaa wa Sikukuu, Waislamu kwa Wakristo, Bi Sitara na Bi Mgeni waliopika jungu moja tangu juzi, Bwana Chandu aliyeleta sanda hata hatujasema, na Mzee Zahoro, mwandishi mwenzake, aliyefunga meza yake leo.

Baba, umechoka, lala sasa, hakuna anayesubiri kigodani, Bwana akupe usingizi mtamu.

Na ninyi mliokaa pale mkamwambia mambo ambayo hata wa nyumbani kwenu hawayajui, meza itakuwa barazani Jumatatu asubuhi, njooni au msije, ila mkilala leo mlale vizuri, yale mliyomwambia yeye nikiwa nimekaa pembeni nimeyasikia mimi, na sitamwambia mtu mwingine.