Mwendo wa Fundi Pindo Kwenye Kivuko cha Sokoni

Majirani na wote mliofika, familia imenituma mimi mdogo wake nisome maisha ya dada yetu, na nitasoma polepole, maana yeye kuharakishwa hakukutaka.

Marehemu, mliyemjua kwa jina la Fundi Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa pili wa fundi viatu na muuza mboga, alitoka tumboni akitanguliza miguu, mama akasema huyu kaja duniani anatembea. Alisoma hadi darasa la nne, akatolewa mwaka 1961 ili atulee sisi wadogo zake, ila kwa mdomo alikuwa na digrii.

Mwaka 1966 aliingia kiwanda cha sare, akashona mpaka kilipofungwa, kisha akahamishia cherehani kibarazani kwake, na suruali akishaikunja pindo yeye, haifumuki mpaka mwenyewe afumuke kwanza. Tarehe 6 Novemba 1971 aliolewa na dereva wa lori, marehemu shemeji yetu, mpole yule, hata kukohoa aliomba ruhusa, wakajaliwa watoto watatu, wawili hawa hapa mbele, wa kwanza alitangulia akiwa mchanga, na hilo dada alilimeza, hakumsimulia mtu.

Magoti yalianza kumsumbua mwaka 2015, na mwaka uliofuata barabara ya sokoni ikapanuliwa, ikawekwa kivuko chenye taa ambayo kijani chake kinazimika mzee yuko katikati, na magari yanamngurumia. Bibi wa maziwa aligongwa pale akafa, mzee kinyozi akavunjika mkono, ndipo Fundi Pindo akawakusanya wazee wa mtaa wakaenda ofisi ya jiji, wakaambiwa njooni kesho mpaka kesho yenyewe ikaota mvi, hadi Februari mwaka huu ofisi ikamtuma mpimaji aje aone wazee wanavukaje.

Hapa mkicheka chekeni tu, mwenyewe alicheka. Siku hiyo wazee walipiga nguo pasi, kinyozi akawanyoa wenzake bure, maana mgeni anakuja, na nani anataka mgeni amkute anajikongoja. Fundi Pindo aliuegemeza mkongojo wake kwenye ukuta wa duka la dawa, akavaa viatu alivyomwozeshea binti yake, akawaambia wenzake wanyooshe migongo wasimtie aibu, wakavuka kama wapambe wa bwana harusi, mpimaji akawasifu, akaandika kwamba muda unatosha. Jioni, magoti yamemvimba kama mapapai, dada alicheka hadi machozi, halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki, akasema tumejiroga wenyewe.

Tangu hapo alirudi ofisini mara kwa mara kuomba wapimwe upya, safari hii na mikongojo yao, akajibiwa kwamba vipimo vipo. Jumanne tarehe 10 Juni 2025, akitoka kununua uzi, taa ilimgeukia katikati ya barabara, akagongwa. Alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akafariki Ijumaa tarehe 13, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliomchana nywele kila asubuhi, majirani mliotupikia, mafundi wenzake, na wazee wake wa kivuko.

Sasa, kwenda makaburini tunapita palepale, na familia inaomba jambo moja, wazee mtangulie mbele ya jeneza na mikongojo yenu, mwende mwendo wenu wa kila siku, asinyooshe mtu mgongo, na taa ikigeuka tusikimbie, mpimaji tumemwita, anatusubiri ng'ambo.

Dada, leo hakuna wa kukuharakisha. Pumzika kwa amani.