Chai Si Maziwa

Matatu ya Probox ya kutoka Sigowet haikuwa hata imefika lami, na Kiarie, muuza vitunguu, alikuwa ashapigwa mateke matatu na mtoto hata hamjui.

"Pole, mzee," mama ya mtoto akasema. "Kiptum ako na autism. Leo mwalimu wa special unit ya shule anamwangalia. Akikosa kutulia, hawamchukui. Ndiyo nimemkataza maziwa, ati inamfanya asumbue. Wiki tisa sasa, hajaonja hata tone."

"Nani alikwambia?"

"Watu wa WhatsApp."

Kiarie akacheka kwa pua. Mkipsigis, mtu wa ng'ombe, kunyima mtoto maziwa! "Hata mursik, maziwa lala ya kwa kibuyu?"

"Hata hiyo. Nyanya yake haniongeleshi."

Hapo Kiptum akapiga nduru, akashika dereva masikio. Mama akatoa thermos, akamwaga kikombe moja. Chai ilikuwa nyeupe mpaka majani ilikuwa mgeni huko ndani, na malai imeelea juu.

"Mama, hiyo si maziwa?"

Akamwangalia kama amemtusi. "Hii ni chai."

Kiptum akamaliza, akalamba kikombe, akalaza kichwa kwa bega ya Kiarie, akatulia.

"Umeona?" mama akanong'ona, machozi karibu. "Hiyo ndiyo kazi ya kumkataza maziwa."

Kiarie akafungua mdomo amwambie ukweli. Gari ikasimama kwa geti ya shule, na mwalimu alikuwa ashasimama hapo na faili.

Akafunga mdomo. Akafunga na thermos, akampea. "Mama, hii usisahau kwa gari."