Ndiyo ya Mama Pasi

Apa kwanza. Apa kwa macho yako yote mawili kwamba neno hili halitatoka hapa. Umeapa? Basi sogea, maana aliyeniambia mimi naye aliapa, na aliyemwambia yeye aliapa, na sasa mtaa mzima tumeapa. Mama Pasi, yule dobi wa pale kwenye kona, anataka kuvuka mpaka aende kwa bintiye anayejifungua mwezi huu, tena mimba ya kwanza. Lakini aliwahi kufungwa miezi miwili, na karatasi zake hazieleweki. Aliingia nchi hii mgongoni mwa mamake, hajaandikwa popote. Huku wanamwita mgeni, kule wanamwita mtoro. Siri hiyo alimpa Mzee Buli, muuza kahawa, peke yake. Kesho yake benchi zima la wanywaji kahawa wake likawa linaijadili fomu ya mama ya kuomba ruhusa ya kuvuka, na siku ya tatu bado wamo. Fomu yenyewe Buli aliiweka juu ya sinia kavu nyuma ya jiko, ipelekwe ofisini saa nne. Mama Pasi alikuwa hatua tatu tu kutoka benchi, ananyoosha kola ya shati, masikio wazi.

— Swali la kumi na moja ndilo litakalommaliza, akasema Wakili, ambaye huko mahakamani alikuwa akifagia korido. Wanauliza, umewahi kuhukumiwa? Kaandika ndiyo. Kwa wino!

— Halafu akaipiga pasi fomu nzima ati inyooke, akadakia Kaputula, utingo wa lori. Huyu mama hazimtoshi.

— Zisizotosha ni za babu yako, akajibu Mama Pasi bila kuinua kichwa.

— Tulia, mama, tunakusaidia. Sheria iko hivi, akasema Wakili. Kifungo kisichofika siku mia hakihesabiki. Ni kama ulilazwa hospitali.

— Hospitali yenye kufuli? akauliza Mama Pasi.

— Achana na sheria, akasema Kaputula. Mimi mpaka nauvuka kila wiki. Pale hawasomi fomu, wanatazama viatu. Ukiwa na viatu visafi, unapita.

— Viatu! akasema Wakili. Wana mashine ya alama za vidole siku hizi, wewe.

— Hapo hapo ndipo ninapopataka! Hebu mtazame vidole. Sabuni na pasi vimekula alama zote, laini kama kijiko. Akiviweka kwenye mashine, mashine itasema huyu mtu hajazaliwa.

Wakili akaweka kikombe chini. Jambo lilikuwa limemwingia.

— Asiyezaliwa hawezi kuhukumiwa, akasema taratibu.

— Wala hahitaji kibali!

— Na binti yangu kazaliwa na nani, akauliza Mama Pasi, na jiko?

Wakacheka, naye akacheka kidogo. Kisha akasimamisha pasi wima, na waliomjua wakajua mambo yamebadilika.

— Sikilizeni, baba zangu. Miaka arobaini naishi kwa kijikaratasi cha kuongezewa miezi sita sita. Fomu ile imeniuliza nimezaliwa wapi, sijui. Tarehe gani, sijui. Raia wa wapi, nimechora mstari. Swali moja tu nina jibu lake la hakika, ninyi mnataka nilifute!

— Watakukatalia, mama, akasema Wakili, safari hii kwa upole. Hutamwona mjukuu.

— Wanikatalie mimi, basi. Wasimkatalie mtu niliyemtunga.

Hapo akasogea dada mmoja mgeni aliyekuja kuchukua sketi yake. Alikuwa amesimama muda, anasikiliza.

— Samahanini, akasema. Kwani alifungwa kwa kosa gani?

Wakili akatazama ndani ya kikombe. Kaputula akajikuna goti. Siku tatu za mabishano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza! Benchi likanyamaza kimya, na katika kimya kile ikasikika: kwaru, kwaru, kwaru.

Nyuma ya jiko.

Mama Pasi akazunguka, wote nyuma yake. Mzee Buli alikuwa amechuchumaa, fomu juu ya goti, anaikwangua ndiyo kwa wembe.

— Napangusa vumbi, akasema Buli.

— Kwa wembe wangu wa kukatia nyuzi?

— Nataka umpakate mjukuu, mama! Nawe ungeacha kuipiga pasi, ingetoka kwa mate tu. Imegandana!

Mama Pasi akaichukua fomu. Pale penye ndiyo palikuwa na tundu. Akachomeka kidole, kikatokea upande wa pili.

— Dada, akamwambia mgeni, nilimchapa askari wa mji kwa pasi ya baridi. Alizimwaga mtaroni sare arobaini za watoto wa shule, nimeshazinyoosha zote. Hakimu akaniuliza, ukiachiwa utarudia? Nikamwambia ndiyo. Ndiyo yenyewe ndiyo hii anayoikwangua huyu.

Kisha akamgeukia Buli.

— Simama wakuone.

Buli akasimama mbele ya watu wote, wembe mkononi, unga wa karatasi ndevuni, wino kwenye dole gumba. Kahawa ikafurika, ikazima moto. Hakuna aliyeiwahi.

— Tunakwenda ofisini sasa hivi kuchukua fomu nyingine. La kumi na moja utaniandikia wewe, kwa herufi kubwa. Umenisikia?

— Ndiyo, akasema Buli.