Tundu la Ukuta wa Kaskazini

Mheshimiwa Meya, Ndugu Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, nawasalimu kwa furaha inayotaka kunivua viatu!

Leo nastaafu. Kwa miaka ishirini na sita nimetembeza wageni humu, nikiwaeleza jinsi ngome hii ilivyojengwa kuulinda mji, ikageuzwa gereza, ikawa ghala la chumvi, na leo ni ukumbi wa harusi na maficho ya wanafunzi wanaokimbia hesabu. Nani asiyeipenda?

Lakini wageni wangu wote walikuwa na haraka ya kufika mahali pamoja: tundu la ukuta wa kaskazini. “Hapa,” nilisema, sauti nikiishusha, “ndipo mzinga wa adui ulipopiga, askari tisa wakaliziba kwa miili yao.” Watu walilia jamani! Profesa mmoja alivua kofia. Nami nikanogewa, nikawaongeza; mwanzoni askari walikuwa watatu tu.

Sasa Mheshimiwa, baada yangu utavuta kitambaa kile, ufunue kibao cha marumaru chenye habari za mashujaa hao. Je, nichukue cheti changu cha heshima niondoke kimya, wajukuu zetu waje wausome uongo wangu kwenye jiwe? Siwezi. Cheti mkininyima, haya, mninyime. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia hapa.

Hakukuwa na mzinga. Tundu lile lilitobolewa na fundi mwashi. Aliletwa kuziba ufa mwembamba kama uzi, akaniona napita na wageni wangu wa kwanza, akaendelea kugonga patasi huku macho yakinifuata mimi. Alipogeukia ukuta, alikuwa anaiona barabara ya nje!

“Dada yangu,” akaniambia, jasho likimtoka, “nimekwisha. Watanifukuza.”

Mara mkaguzi wa Mambo ya Kale huyo, kasimama mlangoni. “Hili nalo ni nini?” Nikafungua mdomo, vita vikatoka. Mkaguzi akaandika kila neno.

Fundi akabaki na kazi yake, nami nikabaki na fundi. Ana watoto wanne nyumbani kwangu. Cheka, Mkurugenzi, usijizuie!

Asubuhi hii ndiye aliyepewa kazi ya kufunga kibao. Akanipigia simu: “Mama watoto, ukuta nilitoboa, lakini hili mkono unakataa.” Nikamwambia akigeuze. Maandishi yameangalia ukutani, kwa hiyo vuta kamba bila wasiwasi, Mheshimiwa. Utakuta jiwe jeupe lisilo na neno. La kuandika mtaamua ninyi. Na mkiamua tundu lizibwe, fundi yupo, na ameapa atafanya bure.

Ila siku hiyo mimi niacheni nyumbani, asije akaangusha ngome nzima.

Kwa subira yenu na kwa kicheko chenu, asanteni sana.