Gambuti Nambari Tisa

Asanteni. Kaeni chini, kaeni. Mkiimba wimbo mwingine nitatoka kwa huo mlango wa nyuma, na mwenyekiti anajua hivyo, ndiyo maana ameniweka wa kwanza.

Wengi hapa mnaniita Mama Stoo. Jina hilo mlinipa nyinyi wenyewe, wale tuliofanya kazi pamoja kwenye lile shamba la mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuzwa ng'ambo, hapa Mitunguu. Shamba silitaji. Tajiri wake simtaji, menija simtaji. Sikuja kuanika mtu. Nimekuja kujianika mwenyewe, na nikianza kuzunguka-zunguka maneno, mama mmoja hapo mbele anikoholee.

Nilianza kama nyinyi, kwa kuchuma. Miaka sita nimeinama kwenye ile mitaro, mishiri ya urefu mmoja, iliyopinda wanatupa. Halafu siku moja menija akaniuliza kama naweza kuandika vizuri. Nikamwambia nilifika kidato cha pili. Akanipa funguo za stoo. Ndugu zangu, nawaambia, zile funguo nilizivaa shingoni kwa kamba, juu ya sweta, watu wazione. Hata kanisani nilienda nazo. Mnacheka? Chekeni, ni ukweli.

Ndani ya stoo, upande huu kulikuwa na mbolea na dawa. Upande ule kulikuwa na kabati ya chuma yenye kufuli yake, na ndani yake ovaroli, glavu ndefu, miwani, maski na gambuti, zile buti ndefu za mpira. Sheria inasema mtu anayepiga dawa lazima apewe hivyo vitu, na nguo zifuliwe hapo hapo shambani zisifike nyumbani kwa mke na watoto. Hiyo sheria ilikuwa imebandikwa mlangoni kwangu. Niliisoma kila asubuhi nikifungua kufuli.

Lakini ile kabati tuliifungua siku ya wageni wa kukagua tu. Na hapa msinione mimi ni shetani, tuelewane kwanza. Nyinyi mnajua nyumba zetu. Mama yangu alikuwa na vikombe sita vya maua, vimepangwa kwa kabati ya vioo, na sisi watoto tulikunywa chai kwa vikombe vya bati mpaka tukaolewa. Vya maua vilitoka pasta akija. Hakuna aliyeona ubaya, si ndiyo? Kitu kizuri unakiweka. Basi mimi zile ovaroli niliziona vile vile. Nilizikunja mwenyewe, nikazihesabu mwenyewe, na zilipokuwa bado zinanuka upya baada ya mwaka mzima, nilijisifu kwamba mimi ni mtunzaji.

Sasa ndugu yangu. Kitinda mimba wa mama yetu. Alikuwa anapakia miraa kule Maua, na mama alikuwa hana raha, zile pikapu zinavyokimbia. Nikasema, mleteni huku kwangu, huku kuna kazi salama. Ni mimi niliyesema hivyo, kwa kinywa hiki. Akaja, akapewa pampu ya mgongoni, akawa mpiga dawa.

Wanunuzi wa ng'ambo walipotaka kuja kukagua, menija alinituma nichukue saizi za wapiga dawa wote wanunuliwe gambuti mpya. Ndugu yangu alinyoosha mguu kwenye benchi akicheka, akasema, "Dada, tisa. Na usininunulie za kubana, mimi nina vidole vya kutosha." Siku ya wageni akavaa kila kitu. Akapigwa picha. Alipendeza, wacha niseme tu, alipendeza sana. Jioni wageni wakaenda, watu wakapanga foleni kurudisha. Alipofika kwangu akasema, "Dada, si niende nazo tu kesho kazini?"

Nikamwambia, "Vua hapo. Zitachafuka."

Akavua. Akatembea mpaka bombani pekupeku.

Mtauliza, sasa hao wapiga dawa mlikuwa mnawalinda kwa kitu gani? Kwa maziwa! Kila jioni kila mpiga dawa alipewa pakiti moja ya maziwa, eti inaosha dawa tumboni. Wangapi hapa wamewahi kupewa hayo maziwa? Inueni mikono. Mnaona? Na wangapi waliyaamini? Mimi niliyaamini kabisa. Na kwa sababu ni ndugu yangu, yeye nilimpa mbili, nikizificha ndani ya karatasi ya unga wengine wasione. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yangu.

Pampu yake ilianza kuvuja kwa kifuniko. Aliniambia Jumatatu, nikaandika kwenye kitabu. Alhamisi ilikuwa bado inavuja, na yeye alikuwa amejifunga gunia la plastiki la mbolea mgongoni, juu ya fulana ya zamani ya shule. Saa sita hivi za mchana akaja stoo, anashika ukuta. Akasema, "Dada, macho hayaoni vizuri." Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji, na mate yanamteremka mdomoni bila yeye kujua. Nikakimbia. Mnajua nilikimbilia nini? Maziwa. Nikampa pakiti moja, nikampa ya pili. Akatapika yote miguuni pangu, halafu akaanguka hapo mlangoni, mwili unamrukaruka. Nilipiga kelele mpaka wachumaji wote wakaacha vikapu.

Hospitalini tulipokelewa na daktari mmoja, msichana mdogo tu. Kabla hajaigusa ile fulana iliyolowa alivaa glavu kwanza. Hiyo nimeikumbuka kila siku ya maisha yangu. Aliikata kwa makasi, akaitia kwa mfuko, akaamuru aoshwe kwa sabuni mwili wote. Akauliza ni dawa gani, nikamtajia, hiyo niliijua vizuri maana niliiandika kila siku. Akauliza, "Alikuwa amevaa nini cha kumkinga?" Menija alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia anapumua.

Nikasema, "Kila kitu."

Yule msichana akaangalia fulana kwenye mfuko, akaniangalia mimi. Halafu akauliza nani alimpa maziwa. Nikasema ni mimi. Akasema kwa upole kabisa, "Mama, maziwa hayaoshi dawa. Mgonjwa wa hivi anawahishwa hospitali, basi." Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza.

Alilazwa siku nyingi. Mungu hakumchukua. Lakini mikono haikurudi. Inatetemeka mpaka leo, na miguu inakufa ganzi, na jua kali linamuumiza macho.

Halafu akaja afisa wa usalama kazini. Mimi nilikuwa na kitabu. Kila Jumatatu wapiga dawa walitia sahihi kwamba wamepewa ovaroli, glavu, miwani, maski na gambuti. Nilikuwa nawaambia, tieni tu, ni karatasi ya wageni. Nikamfungulia afisa ukurasa, sahihi ya ndugu yangu hiyo hapo, imeandikwa vizuri. Akaniuliza, sasa mbona hakuwa amevaa? Ndugu zangu, nilikuwa na wasichana wawili shuleni na chumba cha kulala nilichopewa na shamba. Sitoi hizo kama sababu. Nawaambia tu nilichokuwa nakifikiria wakati mdomo unafunguka. Nikasema, "Alipewa. Alikataa kuvaa."

Ikaandikwa hivyo. Mfanyakazi alikataa. Akaachishwa kazi bila fidia, akarudi kwa mama kule juu milimani, kijana wa miaka ishirini na sita hawezi kufunga vifungo vya shati. Na jina likamfuata. Mkaidi. Alipewa vitu vizuri akavikataa. Mama mwenyewe alimsema kila siku, "Kwa nini hukuvaa? Dada yako alikupa, kwa nini hukuvaa?" Na yeye, mnisikie vizuri hapa, hakujibu. Hata mara moja hakusema, "Muulizeni dada."

Miezi minane nilikula, nikalala, nikafungua stoo. Mtu anaweza. Msifikiri mtu mwongo hali chakula.

Jumapili moja baada ya kanisa nilipanda kwenda kuwaona. Nilibeba sukari na mkate. Mama akapika chai, ndugu yangu akaomba ya strungi, maziwa alishaacha kabisa. Alishika kikombe cha bati kwa mikono miwili, na bado chai ilimwagika magotini. Mama akaanza tena ule wimbo wake, kwa nini hukuvaa, mpaka akachoka, akatoka kwenda kuleta kuni. Tukabaki wawili. Ndugu yangu akaniuliza, bila hasira, kama mtu anauliza habari za ng'ombe:

"Dada, zile gambuti bado ziko?"

"Ziko."

"Zilikuwa saizi yangu, sio?"

"Tisa," nikasema.

"Basi," akasema. "Nilikuwa nataka tu kujua. Siku hizi nasahau vitu, nikadhani labda ni kweli nilikataa."

Hapo ndipo nilipokufa. Kumbe mimi sikuwa nimemwibia mikono peke yake. Nilikuwa nimeanza kumwibia hata kile anachokijua. Nililia mpaka mama akarudi na kuni akadhani kuna msiba. Na nikamwambia hapo hapo, nikiwa nimepiga magoti kwenye majivu. Nikamwambia yote. Mama aliweka kuni chini, akaenda akakaa nje akiwa amenipa mgongo, na mimi nikateremka nyumbani bila kuagwa.

Jumatatu sikufungua stoo. Nilipanda gari mpaka Meru mjini, nikashukia soko la Gakoromone, na uoga ukanishika. Nilizunguka lile soko mara mbili nikiuliza bei ya vitunguu ambavyo sinunui. Mama mmoja muuzaji akanifokea, "Wewe, nunua au pita!" Nikapita. Nikaenda ofisini kwa yule afisa, nikaweka kile kitabu cha sahihi mezani, nikamwambia kila kitu nilichomwambia kuhusu ndugu yangu ni uwongo. Akaandika muda mrefu. Akaniuliza kama nitatia sahihi, maana nitafukuzwa. Nikamwambia, "Nimewafanya watu watie sahihi nyingi za uwongo. Lete kalamu."

Nilifukuzwa siku ile ile, funguo nikaziacha mezani kwa menija. Na msidhani watu walinipigia makofi. Shamba lilisimamishwa kupiga dawa wiki kadhaa, wachumaji wakakosa kazi, na mlisema nimewamwagia unga. Mama mmoja alinimwagia maji ya vyombo mlangoni. Yuko hapa ndani leo. Usiangalie chini, mama, tulishamalizana, na hata mimi ningemwaga.

Lakini ile kabati ilifunguliwa. Siku hizi ovaroli zinavaliwa, zinafuliwa shambani, zinachakaa, zinanunuliwa zingine. Mahali palipopigwa dawa panawekwa kitambaa chekundu, na haingii mtu kuchuma mpaka kiondolewe. Wapiga dawa wanapimwa damu. Ndugu yangu alilipwa fidia na anatibiwa. Mikono, sitawadanganya, mikono haijarudi, na daktari ametuambia tusiingoje. Mimi nilirudishwa kuchuma na menija mpya, na nyinyi mkanichagua kwa kamati ya usalama. Mkanichagua mimi! Sijui mlikuwa mnafikiria nini. Ninachojua ni kwamba mtu akiniambia nitie sahihi, nasema nionyeshe kitu kwanza.

Nashukuru yule daktari msichana. Nashukuru afisa aliyenisikiliza bila kunitukana. Nawashukuru nyinyi wamama mlioniletea unga nilipokuwa sina kazi, wengine mkiuleta kwa hasira, lakini mliuleta. Na namshukuru mama yangu. Miezi mitatu hakunisemesha. Siku aliyonisemesha, alifungua kabati ya vioo, akatoa vile vikombe sita vya maua, akatumiminia chai, mimi na ndugu yangu, siku ya kawaida tu, hakuna pasta. Ndugu yangu ameshavunja viwili. Kila kikianguka mama anasema, wacha vivunjike, vilinunuliwa vya kunywea.

Sina fundisho kubwa. Nyumbani kwako, shambani kwako hata kama ni robo eka ya nyanya, usimwekee mgeni kitu kilichotengenezwa kumlinda mtu wako. Na wewe kijana ukiambiwa utie sahihi ya kitu hujashika mkononi, kataa, hata kama anayekuambia ni dada yako.

Ndugu yangu yuko pale dirishani, mwenye kofia. Amekataa kusimama. Asubuhi nilimwuliza, niwaambie watu nini? Akasema, "Waambie saizi."

Ilikuwa tisa. Zilimtosha vizuri kabisa. Ni mimi niliyemwambia avue.