Pipa Lisishushwe: Risala ya Akina Mama Watengeneza Sabuni wa Kwemhondo

Mgeni rasmi, mlezi wetu na mama yetu, shikamoo. Wazee wa meza kuu, shikamooni. Mchungaji, Shehe, Mwenyekiti wa Kitongoji, nesi wetu wa zahanati, na majirani mliopanda kilima hiki na watoto mgongoni, poleni na utelezi.

Aliyesimama mbele yenu ni katibu wa kikundi, Rahabu Kornelio, ambaye wengi mnaniita Mama Loveness. Mkono ulioandika ni wangu, lakini maneno ni ya akina mama ishirini na wawili. Tumeyakalia Jumamosi tatu. Palipokosewa herufi mtusamehe. Palipo na uchungu, tumepaacha makusudi.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Kwemhondo. Tunajua barabara kutoka Gare ilivyo msimu huu, na tumeona matope kwenye gari yalivyofika mpaka madirishani. Ukarudi hivyohivyo kwetu mara ya pili. Hilo hatulisahau.

Tumeliona pia pipa la bluu lililofungwa kwa kamba nyuma ya gari. Tunajua ni letu. Mwezi uliopita ulitutumia ujumbe kwamba utatuletea dawa ya kutia kwenye sabuni, ya kututosha mwaka mzima, tusihangaike tena kuifuata Tanga. Tunakushukuru kutoka moyoni. Hata hivyo tumemwomba dereva wako asilishushe mpaka risala hii iishe. Asionekane mkaidi, sisi ndio tuliomzuia.

HISTORIA YA KIKUNDI

Kikundi kilianza mwaka 2019 tukiwa akina mama tisa. Tulikuwa tunakutana kanisani siku ya Jumatano, na Bi. Sharifa Hashimu, ambaye leo ni mwenyekiti wetu, alikuwa anatusubiri nje kwenye ngazi mpaka tumalize kuimba, maana yeye ni wa msikitini. Tukaona haifai, tutafute mahali pa wote. Mzee Sefania, huyu aliyekaa pale na kofia ya sufu, akatupa chumba kilicho ubavuni mwa banda lake la ng'ombe. Alisema, "Kaeni hapo. Ng'ombe hawana dhehebu."

Sabuni yetu ya kwanza ilikuwa sabuni ya maji ya kawaida. Malighafi ya kutoa povu, chumvi, maji, na manukato ya limau. Inakorogwa upande mmoja tu kwa zamu, mpaka mkono unakufa ganzi. Ukikoroga huku na huku inabaki nyepesi kama uji wa mgonjwa. Ilikuwa inatakatisha vizuri. Lakini tukiipeleka gulioni, mteja anafungua kizibo, ananusa, anauliza, "Ina dawa?" Tukisema haina, anarudisha chupa. Mama mmoja kutoka Vuga alituambia, "Sabuni isiyo na dawa ni povu tu, mwanangu. Povu hata maporomoko yanalo."

Basi mwaka 2022 tukaanza kutia dawa. Tuliinunua kwenye madumu. Maelekezo yalisema kizibo kimoja kwa ndoo.

MAFANIKIO

Mafanikio yapo na hatuyafichi. Kutoka tisa tumefika ishirini na wawili. Akina mama saba waliokuwa hawasomi vizuri sasa wanasoma lebo. Watoto wetu wananawa mikono kabla ya kula bila kufukuzwa na fimbo. Tulijulikana mpaka Shume kwa jina la "wale wa sabuni ya dawa".

Na mwaka jana wewe mwenyewe, mgeni rasmi, ulipotutembelea, uliondoka na chupa ishirini. Ulinusa moja hapa hapa mbele ya watu ukasema, "Hii nitamwogeshea mjukuu wangu." Tulipiga vigelegele. Katika daftari la kikundi tuliandika siku ile kuwa ndiyo mafanikio makubwa kuliko yote. Tunaomba sentensi hiyo uishike, tutairudia.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, kosa letu lilianzia kwenye neno.

Kwetu neno ni moja kwa mambo mengi. Ya kumeza ni dawa. Ya kupulizia nyanya ni dawa. Kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu. Kitu kikiitwa dawa, mtu wa hapa hakiogopi, anakiheshimu. Na kila mmoja wetu amelelewa akijua kwamba dawa ikiwa kali ndiyo inaponya. Kwa hiyo kizibo kimoja kwa ndoo tulikiona kama ubahili. Tukatia viwili. Mteja akasema sasa inanukia kama hospitali, tukatia vitatu. Hakuna aliyetulazimisha. Ni mikono yetu.

Pale Mzee Sefania ana mtambo wa gesi ya samadi. Mavi ya ng'ombe na maji ya kuoshea banda vinaingia shimoni, gesi inatoka, mkewe anapikia. Sisi kwa shukrani ya kupewa chumba tukajipangia zamu ya kumwoshea banda. Tulisafisha sakafu kwa sabuni yetu ya dawa kila asubuhi, na maji tuliyosuuzia mapipa ya kukorogea tukayamwaga humo humo. Tulijiona tumemtendea mema.

Moto wa jiko ukaanza kupungua. Kwanza maharage yakawa hayaivi, kisha chai, kisha ikafika siku kiberiti kinawashwa na hakuna kinachoshika. Mzee Sefania akatuambia ng'ombe wake wamegoma. Akaitwa fundi Idrisa, aliyeujenga mtambo. Akafungua, akanusa, akakunja uso.

"Mmemwaga nini humu?"

"Hatujamwaga kitu," Bi. Sharifa akamjibu. "Ni dawa tu."

"Dawa gani?"

"Ya kuua vijidudu. Imeandikwa inaua asilimia tisini na tisa."

Fundi Idrisa akakaa chini kwenye ndoo. "Mama zangu, huu mtambo una tumbo. Gesi haitoki kwenye mavi hivihivi, inatengenezwa na vijidudu vinavyokula hayo mavi. Ndivyo mlivyovipiga dawa."

"Lakini hivyo ni vijidudu vizuri."

"Dawa yenu inajua kuchagua?"

Hapo Mzee Sefania akasema maneno ambayo yamegeuka msemo hapa kijijini: "Na dawa ya panya ni dawa. Muulizeni panya."

Tulicheka, mgeni rasmi, lakini mimi nilirudi nyumbani mbio. Naomba hapa niiache "sisi" kidogo, niseme kama mama.

Mwanangu Loveness ana miaka mitatu. Nilikuwa namwogesha kwa sabuni ile tangu aanze kukaa. Ngozi yake ya viwiko na nyuma ya magoti ikakauka, ikapasuka, usiku anajikuna mpaka damu. Niliona ni uchafu, nikazidisha sabuni. Ikapasuka zaidi, nikamtilia kizibo cha dawa yenyewe kwenye beseni. Siku ile ya mtambo nikawaza: kitu kilichoua tumbo la shimo lenye ukubwa wa chumba, mimi nakimwagia mtoto wa kilo kumi na mbili, naye anautia mkono mdomoni.

Asubuhi nilikuwa zahanati. Nesi Amina, huyu hapa mbele, aliniuliza, "Unamwogeshea nini?" Nikamwambia. "Na akizidi kuwashwa unafanyaje?" Nikamwambia naongeza. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema niache, nitumie sabuni ya mche kidogo tu, maji mengi, na mafuta baada ya kuoga. Wiki ya nne ngozi ikafunga. Nesi alinionya nisiseme kwamba dawa ndiyo iliyosababisha yote, kwa sababu hakupima, na ngozi za watoto zina mambo mengi. Kwa hiyo sisemi. Nasema nilichokiona.

Narudi kwenye kikundi. Tulimwomba Nesi Amina aje atusomee dumu letu. Alikuta jina, triklosani. Alitueleza taratibu nasi tukaandika. Kwamba nyumbani, kunawa kwa sabuni ya kawaida na maji yanayotiririka kunatosha, na hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kuongeza dawa hiyo kunamkinga mtu zaidi. Kwamba kuna nchi zilizokwisha kuiondoa kwenye sabuni za kunawia za nyumbani. Kwamba wataalamu wanaichunguza kwa sababu kwenye wanyama wa majaribio imeonekana kuchezea homoni, na kwa binadamu bado hawajamaliza kujua. Kwamba ikiingia kwenye maji haiishi upesi, na viumbe vidogo vya majini ndivyo vinavyoumia kwanza. Alisema pia dawa za kuua vijidudu zina mahali pake, hospitalini na kwenye upasuaji, kwa kipimo, kwa mtu aliyesomea.

Lililotuingia zaidi ni hili. Alituuliza, "Kantangaze mnamjua?" Nani asiyemjua mdudu yule wa nyanya. Tumempulizia dawa, akafa, waliobaki wakazaa, na sasa dawa ile ile wanaiogea. "Basi vijidudu navyo huweza kuzoea," akasema. "Na vikizoea ya kwenye sabuni, huenda vikawa vigumu hata kwa ya vidonge. Siku mtoto anaumwa kweli, natafuta cha kumpa."

Mgeni rasmi, maji yetu ya kusuuzia yalikuwa yanaishia pia kwenye mfereji unaoteremka mashambani, kwenye kabichi na karoti, na chini zaidi kuna watu wanaochota. Kidimbwi kilicho chini ya chumba chetu kilikuwa na viluwiluwi, watoto walikuwa wanavifukuza na makopo. Msimu uliopita hatukuviona. Inawezekana ni ukame. Hatujui, na kutokujua ndiko kunakotukosesha raha.

Tangu mwezi wa kumi hatujatia dawa kwenye sabuni. Tulipita nyumba kwa nyumba kuwaambia waliokuwa wananunua. Wengine walitushukuru. Wengine walisema tumeishiwa mtaji tunatafuta maneno. Mama mmoja alimfungia Bi. Sharifa mlango huku akisema, "Mwaka juzi inaponya, mwaka huu inaua, nyie mna sabuni au mna uganga?" Alikuwa na haki.

Na ndani ya kikundi hatukuwa wamoja kuhusu leo. Wapo waliosema pipa ni zawadi, na mgeni hakataliwi zawadi yake mbele ya watu. Tulipokee, tulifunge stoo, tunyamaze. Bi. Sharifa akauliza, "Tukifa sisi, atakayefungua stoo atakuta limeandikwa nini? Dawa. Atafanya nini nalo?" Ndipo tukakubaliana niandike.

MAOMBI

La kwanza, kwa heshima na bila dharau yoyote, tunaomba pipa lisishushwe. Lirudi lilikotoka. Umetuletea kile tulichokuambia mwaka jana kwamba tunakihitaji, kosa si lako; ni letu tulioona haya kukuambia kwa simu.

La pili, tunayo madumu mawili ya dawa hiyo, moja limejaa na moja nusu, tumeyafungia. Hatujui pa kuyapeleka. Chooni tumekatazwa, shimoni tunaogopa, mferejini ndiyo kabisa. Kwa kuwa gari linarudi na nafasi, tunaomba yaende pamoja na pipa kwa wanaojua kuyateketeza. Kama haiwezekani leo, utuelekeze. Tutayalinda.

La tatu, utusaidie apatikane mtaalamu wa kupima maji ya mfereji, atuambie ukweli hata kama ni mbaya.

La nne, ukisimama kuongea, uwaambie watu waliokusanyika hapa kwamba sabuni isiyo na dawa ni sabuni. Sisi tumesema mpaka sauti imekauka. Wewe watakusikia. Tumeandaa chupa mpya, lebo imeandikwa kwa mkono: SABUNI YA KAWAIDA. Tunajua jina halivutii.

Chai uliyokunywa ulipofika, mgeni rasmi, imechemshwa kwa gesi ya Mzee Sefania. Fundi Idrisa alileta samadi kutoka mtambo mwingine kule Gare akapandikiza kama mtu anavyopandikiza mtindi, tukangoja miezi miwili. Shimo limetusamehe. Kwa watoto hatutaki kujaribu kama watatusamehe.

Ombi la mwisho halimo kwenye orodha tuliyompa Mwenyekiti wa Kitongoji. Ni la zile chupa ishirini. Tulizijaza wenyewe, ndizo za vizibo vitatu. Mwaka jana ulituambia mjukuu wako alikuwa anaanza kutambaa. Sasa bila shaka anatembea, anafika mahali sabuni inapokaa. Mama yetu, ukifika Tanga, hata kabla ya kuvua viatu, pita kwanza bafuni. Kama imebaki hata moja, itoe. Usiimwage, irudishe kwetu, ni mzigo wetu. Badala yake tumekufungia chupa tano mpya kwenye kapu lile lenye peasi. Hazinuki hospitali. Zinanukia limau kidogo tu.

Mungu akushushe salama kona zote mpaka Mombo, wewe, dereva, na pipa. Akutunzie mjukuu ngozi yake na miaka yake. Na sisi atupe akili ya kuuliza kabla ya kuongeza.

Ni sisi wako,
Akina Mama Watengeneza Sabuni ya Kawaida, Kwemhondo.