Maisha ya Abdulqadir Mbwana, Aliyewafundisha Watu Kubadilisha Oili kwa Mikono Yao

Rawda, binti wa marehemu, ametaka maisha ya baba yake yasomwe katika hitima hii kama yalivyokuwa, pamoja na lile jambo ambalo kila mtu hapa Kismayu analijua na hakuna aliyewahi kulitaja mbele ya Rawda mwenyewe.

Marehemu Abdulqadir Mbwana Athumani alizaliwa tarehe 12 Machi 1966 kisiwani Kudhaa, mtoto wa tatu wa Mzee Mbwana Athumani, fundi wa mashua, na Bi Tima. Kila mwaka vyombo vilipopandishwa pwani, Mzee Mbwana alikwangua mbao na kuziba nyufa, naye Bi Tima akachemsha maini ya papa mpaka yakatoa mafuta mazito ya rangi ya shaba. Mbao zilipakwa mafuta hayo mpaka zikashiba. Harufu yake ilikaa katika nguo za watoto mwaka mzima. Mafuta yaleyale walipakwa kifuani wakikohoa, na magotini wakianguka. Kudhaa hapakuwa na kitu kibovu ambacho hakikupakwa mafuta ya papa kwanza.

Alisoma Kurani chuoni kisiwani, akahitimu akiwa na miaka tisa. Mwaka 1975 alipelekwa kwa ami yake Kismayu, akasoma shule ya msingi na miaka miwili ya sekondari. Aliacha masomo mwaka 1982 baba yake alipofariki. Mwaka uliofuata aliajiriwa gereji ya kiwanda kimoja cha samaki. Siku ya kwanza alikwenda na kichupa cha mafuta ya papa mfukoni, zawadi kutoka kwa mama yake, akauliza kama atie katika injini ya lori lililokuwa likigonga. Msimamizi wake alicheka mpaka akakaa chini.

"Waryaa, we kijana, hii ni mashua? Mbao hunywa mafuta. Chuma hakinywi. Chuma kinataka kuteleza tu."

Abdulqadir aliona haya siku ile, na maneno hayo akayarudia maisha yake yote kana kwamba ni yake.

Mwanzoni mwa 1992 alikimbia vita pamoja na mama yake na ndugu yake Zakir, wakafikia kambi ya wakimbizi kando ya Mombasa. Huko ndiko alikomwoa Zaituni binti Mahmoud, wa Kudhaa vilevile, tarehe 14 Mei 1994. Mali aliyokuwa nayo ni spana zake na kijiti cha mkoko, kirefu kama mkono. Kijiti hicho alikiweka ncha moja kwenye injini na ncha ya pili sikioni, akafumba macho, akasikiliza. Zaituni alikuwa mcheshi, na hakumwacha apumue.

"Laiti ningalikuwa na giaboksi," alikuwa akimwambia mbele za wageni, "mume wangu angalinisikia."

"Wewe huhitaji kijiti, mke wangu. Wewe husikika mpaka Lamu."

Mtoto wao wa kwanza, Fahad, alizaliwa kambini mwaka 1995. Kambi zilipofungwa mwaka 1997 wengine walitawanyika Mombasa na Ulaya. Abdulqadir alirudi Kismayu na mkewe, na hapa Rawda akazaliwa mwaka 1998.

Kazi yake wengi wenu mnaijua kwa sababu iko mikononi mwenu. Alitengeneza magari ya watu, na kuanzia mwaka 2009 alikuwa na pikapu yake mwenyewe, iliyobeba barafu kwenda forodhani na samaki kurudi sokoni. Lakini kwa kubadilisha oili hakutaka kulipwa. Mtu akimletea gari kwa jambo hilo, alimpa spana na kumwambia alale chini yeye mwenyewe. Madereva wa bajaji walilalamika kwamba kanzu zao zitachafuka.

"Mchu akifiwa na babake humwosha mwenyewe," aliwajibu kwa lafudhi ya kisiwani. "Na oili je, akodi wa kumwaga?"

Aliwafundisha kuipasha injini moto kidogo kwanza ili oili ilegee, kuifungua nati ya chini taratibu wasiungue, kuliacha tone la mwisho litoke, kupaka oili mpya kidoleni na kuizungusha kwenye mpira wa chujio, na kulikaza chujio kwa mkono bila spana. Alitaka oili chafu wainuse na kuisugua kati ya vidole kabla ya kuitia pipani. Ikimetameta, kuna chuma kinacholika. Ikinuka mkaa, imechelewa. Mafuta ya breki hakuruhusu yakae wazi hata kwa muda wa kunywa chai, kwa kuwa hunyonya unyevu wa pwani. Mtu aliyemwaga oili chafu ufukweni hakufundishwa tena.

Kitu kimoja hakukivumilia: chupa za dawa ya injini. Zilikuja za kila rangi, zimeandikwa kwamba zinaondoa moshi, zinarudisha nguvu, zinamaliza kelele. Watu wetu walizipenda, kwa kuwa wengi tumekulia katika nyumba ambamo kitu kikiugua hupakwa mafuta, na chupa ile ilifanana na ile ya nyumbani. Mahmudi, dereva wa bajaji na rafiki yake wa karibu, alikuwa mnunuzi mkubwa.

"Maalimu, nimeitia. Inakwenda kama mpya."

"Inakwenda kama mgonjwa aliyelewa. Oili nzuri imeshatiwa dawa yake kiwandani, bui, rafiki yangu. Ukiongeza yako unamvurugia aliyeipima. Na kama beringi imelika, chuma kile kimeshatoka na oili uliyoimwaga. Chupa itakirudisha kutoka wapi?"

"Basi kelele imekwisha."

"Kelele ndiyo iliyokuwa ikikusaidia."

Alisema hivyo kwa miaka mingi, na alisema kweli.

Bi Tima alifariki kisiwani mwaka 2019. Katika vitu vyake alimwachia Abdulqadir chupa ya mwisho ya mafuta ya papa aliyoyachemsha kwa mkono wake. Aliiweka rafuni gerejini kwake, juu ya spana, na hakuifungua.

Mwishoni mwa 2020 giaboksi ya pikapu yake ilianza kulia. Aliisikiliza kwa kijiti na kujua mara moja kuwa ni beringi. Aliagiza nyingine Mombasa. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa na beringi haikuja. Pikapu hiyo ndiyo iliyolisha nyumba, hivyo hakuiegesha. Kila asubuhi alisikia mlio ule kutoka gia ya pili mpaka ya nne, na Zaituni alisema mume wake ameanza kula kidogo. Siku moja mwezi wa Januari 2021 alimwaga oili ya giaboksi, akaona jinsi inavyometameta, akatia mpya kwa kipimo chake kama alivyofundisha wengine. Kisha akaichukua ile chupa rafuni, akaifungua, akamimina.

Mahmudi alikuwa amesimama pale.

"Maalimu! Leo umeingia dini yetu?"

Abdulqadir alipanda kwenye kiti cha dereva. Aliwasha, akatia gia ya pili, ya tatu, ya nne. Mlio haukuwapo. Mahmudi husema kwamba hajawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile, na kwamba alinusa mkono wake kisha akasema, "Mama huyu," na kucheka.

Wiki zilizofuata alikuwa mtu mwepesi. Hakukigusa kijiti.

Mwanzoni mwa Februari Zaituni alikuwa Burgao, pwani ya kusini, kwa Rawda, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9, Rawda alipiga simu kwamba mama kifua kimembana na anapumua kwa shida. Bahari ilikuwa imechafuka, hakuna boti ya mashine iliyotoka. Mahmudi alimletea ufunguo wa gari la shemeji yake, gari zima, lililotoka bandarini mwaka ule.

"Chukua hili, Abdu."

"Langu limenyamaza," alisema. "Nalijua."

Kwenda, pikapu haikumpa taabu. Huko Burgao walimlaza Zaituni nyuma juu ya magodoro chini ya turubai, Rawda na mtoto wake kando yake, wakaanza kurudi kumpeleka hospitali Kismayu. Zaituni aliweza kusema bado. Alipigapiga bodi kwa kiganja na kumwambia bintiye, "Sikia, baba yako ameliponya." Katika mchanga mzito, katikati ya njia, ambako gari hukaa gia ya pili kwa muda mrefu, Abdulqadir alinusa kitu. Rawda naye alikinusa. Ilikuwa harufu ya jiko la nyanya yake Kudhaa. Gari halikulia hata mara moja. Giaboksi ilikwama, gari likasimama, na usukani ukabaki mikononi mwake.

Hapakuwa na mtandao wa simu. Abdulqadir alilala chini ya gari, akaifungua nati kwa mikono inayojua kazi, na hakikutoka kitu. Joto lilikuwa limeyapika mafuta yale yakawa ulimbo. Alitoka chini akaketi karibu na mkewe, akaweka sikio lake kifuani mwake. Rawda anasema baba yake alisikiliza hivyo, bila kuinua kichwa, mpaka gari la wavuvi lilipofika saa za alasiri. Zaituni alikuwa ameshafariki.

Baada ya matanga aliivuta pikapu mpaka gerejini, akaifungua giaboksi mbele ya watu na kuwaonyesha meno ya gia yaliyogandamana na ule utomvu wa manjano. Watu walimwambia kwamba ilikuwa amri ya Mungu. Alisema analijua hilo. Mahmudi alimwambia kwamba beringi ingalivunjika hata bila chupa.

"Ingalivunjika," alijibu. "Lakini ingalilia kwanza, nami ningalichukua gari la shemeji yako. Lilikuwa likiniita, bui, nikaliziba mdomo."

Alifunga gereji siku hiyo. Fahad, aliye Uholanzi, alimtaka aende kwake, hakukubali. Madereva waliendelea kuja na maswali, naye aliwajibu kwa upole lakini hakushika spana. Hakuna aliyefaulu kumtoa katika hali ile, nasi hatutajidai hapa kwamba wakati ulimponya. Haukumponya.

Mwezi wa Agosti 2024 alianza kuumwa tumbo. Uchunguzi ulionyesha saratani ya ini iliyokwisha kuenea. Alirudishwa nyumbani, akauguzwa na Rawda. Ndugu walileta asali, habasoda, na chupa za kila aina. Alizishukuru na kuziacha juu ya meza. Hata vidonge vya maumivu alivikataa. Rawda alimsihi akilia.

"Baba, meza kimoja tu, upate kunyamaza kidogo."

"Kunyamaza sitaki, mwanangu. Niache nilie."

Rawda alimwacha. Alilia kwa sauti, majirani wakasikia, mpaka Ijumaa tarehe 17 Januari 2025 kabla ya adhuhuri. Alizikwa siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri.

Walioingia kumwosha ni Mahmudi na madereva wawili aliowafundisha. Walikuwa wametayarisha sabuni na jiwe la kusugulia, wakijua vidole vyake tangu zamani. Hawakuvihitaji. Kucha zake zilikuwa nyeupe kama za mtu ambaye hajawahi kufanya kazi, na Mahmudi alitoka nje, akashindwa kurudi mpaka wenzake walipomaliza.

Marehemu ameacha watoto wawili, Fahad na Rawda; mjukuu, Nuha; ndugu yake Zakir, wa Mombasa; na rafiki yake Mahmudi. Pikapu iko uani, giaboksi ikiwa wazi. Rawda ameomba isiguswe.

Mola amsamehe, amkutanishe na Zaituni, na amlaze mahali ambapo hakuna kinacholia.